Ile Alama ya Mafuta Ukutani

Dada yangu Esta alikufa Jumanne asubuhi, na kufikia Alhamisi watu walikuwa wanabishana rangi ya ukuta wake. Sio kwa ubaya. Ukifiwa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, watu wanakuja kila jioni, wanapanga safari ya kupeleka mwili nyumbani, wanaimba nyimbo mbili, wanaomba, wanakunywa chai, na kati ya chai na kuondoka lazima mtu ainue macho aone vile nyumba imechoka. Njeri, binti ya Esta, alisema wageni wa ushago, wa kule kijijini, hawawezi kupata nyumba ya mamake ikiwa hivi, ataita fundi Jumamosi apige rangi sebule yote. Mmoja akasema nyeupe, mwingine akasema nyeupe inashika uchafu, shemasi akasema krimu. Wakaniuliza mimi, kwa sababu ndio mkubwa aliyebaki na wanajua niliwahi kufanya kazi ya rangi. Nikasema yoyote. Wote wakageuka kuniangalia. Tangu nikiwa msichana watu wananiita Redio, na hakuna aliyewahi kunisikia nikijibu kwa neno moja.

Nilikuwa naangalia juu ya kiti cha Esta. Hapo ukutani, mahali kichwa kinafika mtu akiegemea, kulikuwa na alama ya mafuta, ya mviringo, nyeusi kidogo, inang'aa taa ikiwaka. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya Eastlands ziko nayo mahali. Mtu anapaka nywele mafuta, anakaa mahali pake, anaegemea, miaka inaenda. Wengine pale ndani waliiona uchafu. Mimi niliiona nikakumbuka nyingine, mahali hapo hapo, ukuta huo huo, miaka arobaini iliyopita, ambayo ilibaki kidogo tu imkoseshe dada yangu hii nyumba. Tulikuwa watu watatu tuliojua hiyo stori yote. Nimebaki mimi.

Mwaka ulikuwa themanini na nne, ule wa unga wa njano. Mvua ilikataa, mahindi yetu yakaisha, ikaletwa ya kutoka ng'ambo, na ugali ukawa wa njano kama keki, lakini keki iliyopikwa na mtu aliyekukasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa naishi na Esta na mumewe, shemeji Habil, kwa chumba kimoja Makongeni, pazia katikati, wao upande wa kitanda, mimi upande wa jiko. Vitu nilivyosikia kupitia hilo pazia singeweza kuviandika vyote hapa, vingine hata mbele ya shemasi siwezi kuvisema. Kwa hicho chumba Esta alikuwa amepoteza watoto wawili, mmoja akiwa bado tumboni, mmoja akiwa na siku nne. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, imefika miezi mitano, na alikuwa ameamua bila kelele kwamba huyu hatazaliwa mahali wale waliondokea. Alikuwa anashona kwa kiwanda cha nguo, Habil kiwanda cha blanketi. Walijinyima mpaka wakapata nyumba hapa Umoja, sio mpya, ya mkono wa pili, ya seremala mmoja anaitwa Mzee Zakaria, ambaye alifiwa na mke akaamua kurudi upande wa Nyahururu kwa kijana wake.

Tulienda kuiona Jumapili baada ya kanisa. Nakumbuka harufu kwanza: moshi wa makaa, mafuta ya taa, na kitu kitamu kidogo, kama mafuta ya nazi. Vyumba viwili, jikoni kadogo, choo cha ndani, na sisi tulikuwa watu wa kupanga laini na kopo la maji mkononi, kwa hivyo mimi niliingia hicho choo mara tatu bila haja yoyote. Sakafu ilikuwa nyekundu, ya simiti, imesuguliwa mpaka unaona soksi zako. Lakini kuta zilikuwa zimekwisha. Jikoni ni nyeusi tupu. Sebuleni ilikuwa kijani cha zamani, kimebambuka, misumari ya kalenda kila mahali na kalenda hakuna. Kando ya dirisha linaloangalia geti, mzee alikuwa amejenga benchi ya mbao akaifunga kwa ukuta, na juu ya benchi ndio kulikuwa na ile alama. Kubwa kama sahani ya chai. Mzee Zakaria alituonyesha kila kitu kwa utaratibu: huu mlango unakwama, uinue kidogo ndio ufunge, huu mfereji usiukaze sana, utalia. Alipofika kwa benchi akasema tu, "Hapa ndio mama alikuwa anakaa," akapita. Esta akamwambia, "Pole, mzee." Mimi nikaangalia alama nikajiambia, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Jioni hiyo nilisikia pazia likiongea. "Nataka iwe na mwanga," Esta alisema. "Kila mahali. Mtoto akifungua macho aone mahali pamefurahi."

"Mtoto wa siku moja haoni rangi, Esta."

"Huyu ataona."

Habil akasema, "Basi tutapiga rangi," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshika kitu kwa mikono miwili kisianguke.

Fundi hatukuwa naye. Mimi ndio nilikuwa fundi. Shule niliachia darasa la saba, na huo mwaka nilikuwa kibarua kwa kiwanda cha rangi Industrial Area, na nilikuwa nimeringia watu wa Makongeni wote mpaka wakaamini nimevumbua rangi. Kazi yangu kwa ukweli ilikuwa mbili: kugonga vifuniko vya mikebe kwa nyundo ya mpira, na kubandika karatasi. Rangi ikikosewa huko ndani, wafanyakazi walikuwa wanaruhusiwa kuichukua kwa bei ya chini, na ndio nikapata mikebe minne ya krimu iliyoharibika ikawa waridi, rangi ile ya pera ukilifungua. Rangi ya maji. Nilipofungua mkebe wa kwanza mbele ya Esta akaweka mkono kwa mdomo. Nilifikiri ameichukia. Akasema, "Rispa, hii ndio." Chini, kufika kiunoni, tukapanga kupiga kahawia ya mafuta ili mtoto akianza kushikilia ukuta usichafuke. Hivyo ndivyo nyumba zote zilikuwanga, chini giza, juu mwangaza.

Tulifanya kazi wiki mbili, kila tukitoka vibaruani, na Jumamosi mchana kutwa. Habil alikwangua ile kijani na kisu cha zamani, mimi nilisugua na msasa, Esta alikuwa anakaa kwa ndoo iliyopinduliwa anatuambia tumeruka wapi. Saa ya kula tulitandika gazeti kwa sakafu, ugali wa njano na sukuma, vumbi la rangi linatuangukia kwa sufuria, na mimi nikawa naigiza kila mtu: mwenye kiwanda, pasta, yule mama wa sadaka anayehesabu watu badala ya kuomba. Esta alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, anasema, "Wacha, utanitolea mtoto mapema." Nimekumbuka hicho kicheko wiki hii kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nakipenda vibaya. Ningesema chochote ili nikisikie tena, na nilisema.

Sasa kuhusu ule ukuta. Mafuta yakiingia kwa ukuta, rangi ya maji haiwezi kuyafunika. Yanapita katikati yake, polepole, yanarudi juu. Lazima uoshe na magadi na maji moto, usugue, usuuze, uache pakauke kabisa, upige koti moja, yaani mkono mmoja, ya rangi ya mafuta, ndio sasa upige hiyo yako. Hii kitu sikuisikia kwa watu. Ilikuwa imeandikwa kwa zile karatasi nilizokuwa nabandika, Kiswahili, kwa herufi ndogo pale chini: ukuta uwe mkavu, uwe safi, usiwe na mafuta. Nilikuwa nimebandika hayo maneno kwa mikebe isiyo na idadi. Ningeyasema nikiwa nimelala. Lakini Jumamosi hiyo maji ya mfereji yalikuwa yanakuja kidogo kidogo, makaa yalikuwa yamebaki ya kupikia tu, na kulikuwa na dansi Jumapili mchana kwa soshoholi, ule ukumbi wa mtaa, na nilitaka kumaliza. Kuta zingine niliziosha. Hiyo ya benchi nikaipangusa na kitambaa kikavu mara mbili, nikapiga rangi.

Esta aliuliza akiwa jikoni, "Rispa, umeosha hapo kwa benchi?"

"Nimeosha mpaka nikaona watu wa nyumba ya pili wakila."

Akacheka. Hivyo ndivyo nilivyomdanganya, kwa kumchekesha. Nilikuwa nimegundua mapema kwamba mtu akicheka haulizi mara ya pili.

Jumatatu jioni nilifika kabla yao nikaipata. Imerudi. Sio nyeusi kama mwanzo, lakini iko, ya manjano na kahawia katikati ya ile waridi, mviringo ule ule. Nikapiga koti ingine haraka haraka. Jumatano ikarudi, na sasa ilikuwa wazi zaidi kwa sababu pale pengine pote palikuwa pameng'aa. Bado nilikuwa nimesimama mbele yake na brashi wakati Esta aliingia, na nyuma yake jirani wa upande wa kushoto, Mama Kamau, ambaye alikuwa ameleta ndizi za kutukaribisha na macho ya kuangalia. Esta alisimama. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Si ulisema umeosha?"

Mama Kamau alikuwa hapo. Watu wazima wawili wananiangalia, mimi fundi wa kiwanda. Nikasema, "Nimeosha, dada. Nimepiga mara mbili. Huyu ni mwenyewe amerudi kwa kiti chake. Labda hakuambiwa nyumba imeuzwa."

Mama Kamau alianza kucheka, akaacha katikati. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea kanisani, "Na kweli alikufia hapo. Hata kitandani hawakumpeleka. Alipatikana ameketi, kichwa kwa ukuta." Nikaangalia Esta ili nione kicheko. Mkono wake ulikuwa umeenda kwa tumbo, peke yake, na alikuwa anarudi nyuma, anahisi mlango na mgongo. Akatoka. Ndizi zilibaki kwa mkono wa Mama Kamau.

Kutoka hapo ule utani haukuwa wangu tena. Kufikia Alhamisi kwa mfereji walikuwa wanasema mama huyo anasikika akikohoa. Mwingine akasema rangi inakataa nyumba yote. Kufikia Ijumaa ulikuwa umevuka barabara. Jumapili tulikuwa tumeita pasta na akina mama wa kanisa waje kufungua nyumba kwa maombi, Esta alikuwa ameshatafuta maziwa, na mwaka ule maziwa ilikuwa kazi kupata. Ijumaa jioni, Makongeni, mimi nikisonga ugali, pazia likaongea tena.

"Nimezika wawili, Habil. Siwezi kupeleka wa tatu kwa nyumba ya mtu ambaye hajaondoka."

"Ni alama tu, Esta."

"Rispa ameosha, amepiga mara mbili. Rispa anajua rangi. Wewe niambie ni nini."

Habil alivuta kiti. Halafu akasema, "Kuna mtu kazini anaitaka. Nikimwambia Jumatatu, imeenda. Hatutapata ingine haraka, lakini."

"Mwambie."

"Tutakaa hapa."

"Najua tutakaa hapa," akasema, na hakulia, na hapo ndipo ilikuwa mbaya. Alisema tu na akaanza kukunja nguo.

Nilikuwa na rangi ya waridi ndani ya kucha. Ilikuwa maneno manne: dada, sikuosha ule ukuta. Niliyapanga kwa mdomo. Nikaona vile Habil atanitazama, vile Makongeni yote itaambiwa fundi wa kiwanda kumbe ni wa kubandika karatasi. Maisha yangu yote nilikuwa nimechekesha watu ndio wasinicheke, na niliona bora dada yangu akose nyumba kuliko mimi nionekane mjinga. Sikuiweka hivyo kichwani wakati huo. Nilipakua ugali. Tukala. Esta alikula kidogo akasema umeiva vizuri.

Jumamosi asubuhi tulienda Umoja, mimi na yeye, kuchukua vitu tulivyokuwa tumeanza kupeleka. Yeye alibaki nje chini ya dirisha, amekalia jiwe la kufulia, akasema nitoe masufuria na mapazia, ye hataingia. Nilikuwa juu ya benchi nafungua waya ya pazia wakati mtu alibisha hodi. Alikuwa Mzee Zakaria. Koti, kofia, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa bado hajasafiri, yuko kwa binti yake Kariobangi anangoja lori la vitu vyake. Alimsalimia Esta nje, nikasikia, kwa heshima, akaingia, akavua kofia.

"Nimeambiwa Njeri anasumbua watu," akasema.

Hapo ndio mara ya kwanza nilisikia jina la mkewe. Mpaka siku hiyo alikuwa tu mama wa alama. Nikashuka kwa benchi. Mzee akaketi, sio mahali pa alama, kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Akaiangalia. Rangi yangu ya waridi ilikuwa imeizunguka vizuri kabisa, kama fremu.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Nani, mzee?"

"Njeri. Kama anakuja, amesema nini?" Alikuwa anazungusha kofia kwa magoti. "Kwangu hajakuja. Miezi saba. Nalala hapo nangoja, najiambia akija kwa mtu atakuja kwangu kwanza. Sasa nasikia amekuja kwenu. Sijakasirika. Nataka tu kujua kama amesema kitu."

Nimewahi kuona watu wakilia, wakipigwa, wakifukuzwa kazi. Sijawahi kuona kitu kama uso wa huyo mzee akiningoja nimwambie. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mzee, hajakuja. Ni mimi."

"Ni wewe aje?"

"Hapo kuna mafuta. Penye mafuta rangi ya maji haishiki, mafuta yanapita, yanarudi juu. Ilitakiwa nioshe na magadi. Sikuosha. Nilipopatikana nikasema ni yeye amerudi. Ilikuwa mchezo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Imeandikwa kwa mkebe."

Kofia ikaacha kuzunguka. Nje mtu alikuwa anapita akiuza mitungi ya plastiki. Mzee akasema, "Kwa hivyo ni mafuta tu."

"Ni mafuta tu, mzee."

Akatingisha kichwa mara nyingi, pole pole, na niliona kitu kikizimika ndani yake ambacho mimi ndio niliwasha. Alipoongea tena hakuwa ananiambia mimi haswa. Alisema Njeri alikuwa mgonjwa wa kifua, mwaka wa mwisho hakuweza kulala chini, akilala anakosa pumzi, ndio akamjengea hiyo benchi ili alale ameketi, aone geti, aone nani anaingia. Alisema mikono yake ilikuwa haiinuki, hata kuchana nywele haiwezi. "Kwa hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazi nilikuwa namchana. Nampaka mafuta. Mimi mkono wangu ni wa seremala, nilikuwa namwaga mengi. Ananiambia, Zakaria, unanikaanga." Akagusa ile alama na vidole viwili. "Haya mafuta nilipaka mimi."

Halafu akasimama, akavua koti, akalitundika kwa msumari wa kalenda.

"Kuna magadi?"

"Nitaenda kununua."

"Iko jikoni." Ilikuwa sauti ya Esta. Alikuwa amesimama mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi kutoa harufu ya rangi, na yeye alikuwa chini yake muda wote. Hakuniangalia. Alivuka mlango, mguu mmoja, mwingine, akapita mbele yangu akaenda kwa benchi, akamwambia mzee, "Nisamehe, baba. Niliogopa mke wako na hakunifanyia kitu." Kisha bila kugeuka akaniambia, "Weka maji kwa jiko."

Walimwosha wao wawili. Najua ulikuwa ni ukuta, lakini sina neno lingine la vile nilivyoona. Mzee alisugua, kutoka nje kuja katikati, pole pole, anakamua kitambaa, anasuuza. Esta alimshikia karai. Mimi kazi yangu ilikuwa maji moto. Waridi ikatoka kwanza, halafu maji yakageuka manjano, halafu kahawia, na ile harufu tamu ikajaa chumba, mafuta ya nazi kama ya juzi, na mzee akasimama kidogo na macho yamefungwa, akaendelea. Maji machafu hakuyamwaga kwa choo. Alibeba karai mwenyewe akaenda kumwaga nje chini ya ua, pale kando ya geti. Alipomaliza ukuta ulikuwa kijivu, simiti tupu. Akavaa koti, akaweka kofia. Mlangoni akanigeukia mimi. Nilikuwa nangoja anitusi, na ningefurahi.

"Msichana," akasema, "pakikauka upige vizuri."

Wiki iliyofuata palipokauka, nikapiga vizuri. Koti ya mafuta, ya kwanza nyembamba, ya pili, ndio waridi. Ile Jumapili yenyewe pasta alikuja ukuta ukiwa bado kijivu, akina mama wakaimba, wakazunguka vyumba vyote hata choo, wakala mandazi. Habil aliambiwa tu kwamba ukuta umeoshwa, na hakuongea na yule mtu wa kazini. Esta aliongea na mimi maneno ya lazima tu kwa wiki tatu. Lete chumvi. Funga mlango. Nilijaribu kumwigizia pasta akibariki choo, akaondoka akaenda jikoni. Siku moja tukichambua mchele akasema bila kuinua macho, "Ule utani haukuniudhi. Wewe ni mjinga, najua. Ni zile siku ulikaa na hiyo kitu mdomoni ukinipakulia ugali." Nikasema nimekosa. Akasema, "Najua." Tukachambua mchele.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Pumwani mwezi wa tisa, msichana, mzima, sauti kama filimbi ya kiwanda. Kwetu jina linatoka kwa watu wetu, na mamake Habil alikuwa ameshaleta lake. Esta akamtuma mumewe kwa mzee, mpaka Nyahururu, kumwomba jina la mkewe. Habil alirudi akasema mzee aliingia tu ndani, akatoka na sweta ndogo nyeupe ambayo mkewe alifuma na haikupata mtoto wa kuvaa. Ndio maana tuna Mluhya anaitwa Njeri, jina la Kikuyu. Mamake Habil alichukua mwaka mzima kulitamka. Njeri mwenyewe anajua tu kwamba ni jina la mama aliyekuwa na nyumba kabla yetu. Esta hakuwahi kumwambia mengine, na sidhani ilikuwa kunificha mimi. Nafikiri alikuwa anamfichia Mzee Zakaria.

Waridi iliisha zamani. Nyumba imepigwa rangi mara nyingi, imeongezwa chumba nyuma, magorofa yametuzunguka mpaka jua linaingia kwa saa moja tu kwa siku. Benchi ilioza, mahali pake pakawekwa kiti. Miaka miwili iliyopita miguu ya Esta ilianza kuvimba na moyo ukachoka, daktari akasema asilale chini kabisa, na bila mtu kupanga, kiti chake kikasogezwa hapo kando ya dirisha, anaona geti. Mikono yake ikawa haifiki kichwani. Njeri ana kazi, anatoka mapema. Kwa hivyo nilikuwa nakuja mimi. Naleta mafuta ya nazi, namchana, nampaka, namwambia umbea wote wa mitaa ya jirani, Tena na Fedha, na yeye anaegemea pale anacheka na macho yamefungwa, ananiambia, "Rispa, unamwaga." Nilikuwa namwaga. Mkono wangu haujawahi kujua kiasi.

Jumamosi fundi alikuja, kijana mdogo, kofia ya nyuma mbele, spika ndogo mfukoni. Njeri aliniachia yeye akaenda kuchukua kibali cha kusafirisha mwili. Tulitoa viti pamoja. Kijana akapita na mkono kwa ukuta, akafika hapo kando ya dirisha, akasimama. Akanusa vidole vyake. Nikaona anajua kazi.

"Shosho, hapa kuna mafuta. Nioshe na magadi kwanza?"

Mkebe wa krimu ulikuwa miguuni pangu. Rangi ya maji. Herufi za siku hizi ni ndogo zaidi, lakini maneno ni yale yale, sikuhitaji miwani.

"Usioshe," nikamwambia. "Piga tu juu."

"Itarudi, shosho."

"Mimi nilifanya kiwanda cha rangi, kijana wangu. Piga tu."

Akaniangalia kidogo, akachovya brashi.